UZI: Golf GTI Mk6 ya 2010, turbo, kilomita 78,000. Nichukue au nikimbie?

Mtoto wa Mbezi
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kabla hela haijatoka mfukoni.

Kuna Golf GTI Mk6 ya mwaka 2010 nimeiona kwenye yadi moja hapa Dar. Nyeupe, milango mitano, viti vya kitambaa cha drafti, gia ni DSG (otomatiki ya Volkswagen yenye klachi mbili), namba E. Dashibodi inasoma kilomita 78,000. Imetoka Japani. Wameanza na milioni 24, naona tukikaa chini 21 inafika. Mimi nina 23, nusu akiba nusu mkopo wa SACCOS.

Kwa sasa natumia IST. Haijawahi kunilaza njiani, ila nimeichoka, nisiwadanganye. Siku za kazi ni Mbezi–Posta–Mbezi, na mara mojamoja Morogoro kwa wazazi. Mama watoto kashakubali kwa sharti kwamba kiti cha mtoto kikae vizuri nyuma.

Kuna anayesema Mjerumani mtumba ni kaburi la hela, kuna anayesema nichukue Subaru. Wenye uzoefu wa turbo nipeni ukweli. Matusi pia napokea.

Kiboko ya Tochi
Mbezi mpaka Posta na turbo? Farasi 210 wote wamelala Ubungo, wanaangalia mwendokasi ikipita. Ukitoka mjini ukasema sasa nifungue, kila kijiji 50 na trafiki kajificha kwenye mwembe na tochi yake.

Chukua Mark X ya 2.5. V6, zaidi ya farasi 200, hakuna turbo, hakuna stori.

Pemba Boksa
Mkuu, ukishaamua turbo basi ni Subaru Impreza WRX. Mbio za Safari Rally kule Kenya, 1997 dereva McRae alizichukua na Impreza, 2000 mwenzake Burns akarudia na Impreza. Hiyo Golf yako imeshinda nini kwenye vumbi la Afrika?

Shangazi wa Spea
Pemba Boksa, mwanangu, gari ya McRae ilikuwa na jeshi la mafundi linaisubiri mbele. Huyu kijana wetu anasubiriwa na nani?

Mimi nauza spea Ilala, niseme ninachokiona dukani. Spea za Golf zipo, msimtishe mtu. Chujio, plagi, koili, pedi za breki, bushi, hivyo anapata siku hiyohiyo. Shida ni kifaa kisichoharibika kila siku: moduli ya ABS, mekatroniki ya gia boksi (kompyuta na valvu zinazobadilisha gia), hata kipande cha plastiki cha mfumo wa maji. Hapo utaagiza Dubai au Ulaya, na gari ilale gereji ikisubiri. Wateja wangu wa Golf wanaolalamika hawalalamikii bei kwanza, wanalalamikia kusubiri. Ndiyo maana nakuuliza mapema, baba: IST unaiuza au inabaki?

Mtoto wa Mbezi
Shangazi shikamoo. Mpango ulikuwa niiuze.

Shangazi wa Spea
Marahaba. Basi anza kuufikiria upya huo mpango.

Fundi wa Gerezani
Nimeuona uzi nimechelewa, nilikuwa chini ya gari. Ngoja niandike kirefu kidogo, maana haya maswali yanakuja gereji kila wiki.

Kwanza DSG, kwa sababu watu wanachanganya. Sifa mbaya mnayoisikia nyingi ni ya DQ200: gia saba, klachi kavu, zile zilizofungwa kwenye Golf ndogo za 1.4 TSI. Hiyo ndiyo iliyowafanya Volkswagen wayaite magari zaidi ya 380,000 huko China mwaka 2013. GTI Mk6 haina hiyo. Ina DQ250, gia sita, klachi zinaogelea kwenye oili, na foleni inaivumilia zaidi kuliko ile kavu. Sharti lake ni moja, oili na chujio lake vibadilishwe kila kilomita 60,000. Tatizo ni kwamba huku kwetu mtu akisikia gia boksi ni ya otomatiki anaimwagia oili yoyote nyekundu, au haigusi kabisa mpaka ianze kutetemeka. Ukiijaribu, nenda mwendo wa foleni, guu unagusa unaachia. Ikitetemeka kama inataka kuzima, au ukitoa P kwenda R inagonga, usijibiwe kwamba "hizi ndivyo zilivyo". Sivyo zilivyo.

Sasa injini. Hiyo ni EA888, herufi zake CCZB, cc 1984. Farasi 210, mvuto Nm 280 unaanza chini kabisa kwenye mzunguko wa 1,700, ndiyo maana ukikanyaga kidogo tu unasukumwa mgongoni. Injini tamu. Lakini ina mambo matatu, na la kwanza linaua.

La kwanza ni tensiona ya cheni ya taiming, ile cheni inayofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio. Cheni haibani yenyewe, kuna kidude kinaisukuma kwa presha ya oili. Ukizima gari presha inaondoka, kinachobaki kuishikilia ni meno madogo ya kufungia. Toleo la mwanzo la hiyo tensiona meno yake yanashindwa. Asubuhi unawasha, cheni imelegea, inaruka, valvu zinakutana na pistoni. Hapo hautafuti tensiona tena, unatafuta injini. Marekani wenye magari waliwapeleka Volkswagen mahakamani kwa kesi ya pamoja kuhusu hii kitu, si uzushi wa mafundi wa Bongo. Baadaye kiwanda kilibadilisha muundo, toleo jipya halina hilo tatizo. Gari ya 2010 imezaliwa na la zamani. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si kama gari ni nzima, ni kama tensiona imebadilishwa na risiti iko wapi. Hana risiti? Kuna kizibo kidogo kwenye kava la cheni upande wa chini, fundi anakitoa, anachungulia na kioo, anajua ni toleo gani. Haihitaji kufungua injini.

La pili, kula oili. Ringi za pistoni za hizi injini zina vitundu vidogo vya kurudishia oili, vinaziba kwa masizi. Volkswagen wenyewe wanahesabu nusu lita kwa kilomita 1,000 kuwa bado ni sawa. Mimi siiti hiyo sawa, lakini ndiyo wanavyosema. Gari ya yadi huwezi kuipima kilomita 1,000, basi angalia ncha ya ekzosi, weka kidole. Masizi makavu ni kawaida ya sindano za moja kwa moja. Yakiwa na unyevu wa mafuta, fikiria mara mbili. Na mtu akae nyuma aangalie moshi wakati unakanyaga baada ya kuteremka mlima bila kukanyaga mafuta. Wa bluu ni oili.

La tatu, nyumba ya pampu ya maji na thermostati. Ni plastiki, inapasuka au inavujia kwenye gasketi. Angalia ubavuni mwa injini kama kuna ukoko wa rangi ya pinki. Hii haiui gari ukiiwahi, ila ukiipuuza ukapandisha joto, usije kulia kwangu.

Masizi kwenye valvu za kuingiza hewa yapo kwenye zote, kwa sababu petroli inapigwa ndani ya silinda moja kwa moja na haipiti kuziosha. Zinasafishwa, maisha yanaendelea.

Turbo yenyewe? Mbona sijaitaja? Kwa sababu ni K03 ndogo isiyo na makuu. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa imeelea juu ya oili, kwa hiyo ukiipa oili safi ya kiwango cha VW 502 00 kwa wakati, inatulia. Turbo nyingi ninazozitoa zimeuawa na oili, hazikufa zenyewe.

Mwisho, nenda asubuhi na mapema, gari ikiwa ya baridi kabisa. Weka mkono kwenye boneti kabla ya salamu. Ikiwa ya moto, mtu kaiwasha makusudi ili usisikie cheni ikipiga kelele sekunde za kwanza. Ondoka, rudi kesho bila kuaga.

Kiboko ya Tochi
Fundi umeandika mpaka nimeogopa IST yangu.

Mtoto wa Mbezi
Fundi Mungu akubariki. Swali: mashine ya kupima ya kawaida inatosha? Kuna jamaa ana kile kidude cha kuunganisha na simu.

Fundi wa Gerezani
Hicho kitakuonyesha taa ya cheki injini basi. Hii gari ina kompyuta nyingi: injini, gia boksi, ABS, eabegi, usukani. Tafuta mwenye VCDS, programu ya kupimia magari ya Volkswagen, au mashine inayoingia kwenye kila moja. VCDS inakuonyesha pembe ya kamshafti (inayofungua valvu) dhidi ya krenki (inayozungushwa na pistoni), hapo cheni iliyovutika inajisema yenyewe. Halafu kuna siri nyingine: kosa likiandikwa kwenye kompyuta, mara nyingi huandikwa na kilomita ambazo gari ilikuwa nazo siku hiyo. Wanaorudisha kilomita wanashughulika na dashibodi, moduli nyingine wanazisahau.

Mkazi wa Thika Road
Sisi huku Nairobi GTI ni kama sukuma wiki, ziko kila mahali, na mafundi wa VW wazuri wapo. Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Hapa huwezi kuagiza tena ya 2010 kwa sababu ya ile sheria inayokataza kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo za Mk6 zilizobaki zinanunuliwa mkono kwa mkono, na kila mtu anajua ya nani imetunzwa. Ndugu yangu, usinunue gari, nunua mwenye gari. Halafu uliza kama imefanyiwa rimapu, yaani programu ya injini kubadilishwa ili itoe nguvu zaidi. Vijana wetu wakiipata tu wanaipeleka farasi 260, wanaendesha mwaka, wanairudishia programu ya kiwanda, wanaiuza kama ya nyanya anayeenda kanisani.

Pemba Boksa
Narudi kwenye Subaru, maana Fundi kaipita kimyakimya. Impreza WRX ya umbo la GDA yenye injini ya turbo ya EJ205 ni farasi 250, magurudumu yote manne yanavuta, na taiming ni ya mkanda, kilomita 100,000 unabadilisha unasahau. Hakuna cheni ya kuvizia. Fundi wa Subaru yuko kila mtaa.

Fundi wa Gerezani
Pemba, sikuipita, nilijibu alichouliza. EJ205 naipenda. Ila tuseme yote: mkanda ukikatika valvu zinapinda vilevile. Gia boksi ya mkono ya gia tano haipendi mtu anayechomoka kwa kishindo taa ikigeuka kijani. Oili ikishuka, beringi za krenki zinagonga, na wenye Subaru Forester XT wengi wananifikia baada ya "kamlio kadogo" ambako walikasikiliza mwezi mzima. Halafu WRX nyingi za huku zimepitia mikono ya wapenda mbio. Kupata iliyotulia ni kazi kuliko GTI. Fundi wa Subaru kuwa kila mtaa ni kweli, na wengine ndio wanaoziharibu.

Nyongeza kwa wote wanaoagiza turbo za Japani. Injini hizi nyingi zilitengenezewa haioku, petroli ya oktani 100 kwenye pampu za kule. Ya kwetu ni ya chini ya hapo. Gari ya kiwanda ina sensa inayosikia petroli ikilipuka vibaya ndani ya silinda, kompyuta inarudisha nyuma muda wa cheche yenyewe, utapoteza nguvu kidogo basi. Iliyofanyiwa rimapu kwa petroli ya Japani haina pa kurudi.

Binti Changanyikeni
Mimi nina mtazamo tofauti. Kwa nini mnazunguka kwenye magari ya miaka kumi na tano? Ukiagiza gari iliyozidi miaka kumi unalipa ushuru wa uchakavu asilimia 30 juu ya ushuru wa forodha wa 25, na VAT 18 inakuja kukaa juu ya hayo yote. Maana yake kwenye hiyo milioni 21, sehemu kubwa ilishaenda TRA, chuma chenyewe ni kidogo. Kwa nini asitazame Swift Sport ya ZC33S? Ilitoka 2017, turbo ya 1.4, farasi 140 tu lakini ya gia za mkono ina kilo 970. Nyepesi ajabu. Mafuta inanusa.

Kiboko ya Tochi
Dada, farasi 140 si ndio Noah?

Binti Changanyikeni
Kaka, Noah ina kilo ngapi? Gawanya kwanza ndipo ucheke.

Mtoto wa Mbezi
Dada ni wazo zuri, nimeliangalia. Kwa bajeti yangu sifiki, na nyuma mama watoto atanifukuza. Kesho kutwa alfajiri naenda yadi na fundi mwenye VCDS. Nitaleta mrejesho.

Shangazi wa Spea
Nenda na hela ya fundi mkononi, hela ya gari iache nyumbani. Dalali akiiona tu ushapata homa ya "kuna mteja mwingine anakuja saa nne".

Mtoto wa Mbezi
MREJESHO.

Tulifika saa moja kasoro. Boneti ilikuwa baridi, hapo yadi wameshinda. Tukawasha, cheni haikupiga kelele. Bodi nzuri, ekzosi kavu, gia boksi laini. Nikaanza kujiona nimeshika usukani Kibaha.

Fundi akaunganisha mashine. Injini safi, hakuna kosa hata moja. Safi kupita kiasi, akasema, mtu kafuta karibuni. Akaenda kwenye moduli ya milango, huko hakuna aliyekumbuka kufuta. Kosa la swichi ya kioo, la zamani, limeandikwa kwenye kilomita 131,420.

Dashibodi inasoma 78,000.

Nikamwonyesha meneja. Akasema mashine yetu ni mbovu. Nikaomba karatasi ya mnada wa Japani, akasema ilipotea bandarini. Bei ikashuka hadi 19 hapohapo bila mimi kuomba.

Mkazi wa Thika Road
Ikishuka bila kuombwa, kimbia.

Pemba Boksa
Hapo si suala la kilomita 131,000. Gari ya 2010 yenye 131,000 ni ya kawaida kabisa. Suala ni kwamba sasa hujui chochote: oili ya gia boksi ilipaswa kubadilishwa mara mbili, ilibadilishwa? Hujui.

Kiboko ya Tochi
Milioni 19 mimi ningechukua, naweka milioni mbili ya tensiona na oili, bado niko chini ya bei ya mwanzo. Kila gari ya yadi imerudishwa kilomita, tusijifanye malaika.

Fundi wa Gerezani
Kiboko hesabu yako si ya kijinga. Kama kilichofichwa ni kilomita tu, inalipa. Ila aliyefuta makosa ya injini amefuta nini? Huenda ni taa ya betri. Huenda ni misfaya, yaani silinda ya tatu kutowaka vizuri, inayorudi injini ikipata moto. Mtu mwenye gereji yake anaweza kuicheza hiyo kamari, mwenye mkopo wa SACCOS hapana.

Mtoto wa Mbezi
Niliondoka. Lakini sikuja kufunga uzi, nina swali jipya.

Yule fundi wa VCDS ana mteja Tegeta anauza GTI Mk6 ya 2011. Kilomita 146,000 na hafichi. Kijivu, mlango wa nyuma una mkwaruzo, viti vimechakaa upande wa dereva. Mmiliki mmoja tangu ishuke melini, ana faili la risiti. Oili ya injini kila kilomita 5,000 hadi 6,000. Oili ya DSG ilibadilishwa kwenye 121,000. Nyumba ya pampu ya maji mpya. Karatasi ya mnada anayo, hali ya gari gredi 4, wakati huo kilomita 88,000. Tumeipima: makosa mawili madogo, moja la taa ya namba. Kamshafti iko ndani ya kipimo. Tensiona bado ni ile ya zamani, tumechungulia. Anataka 19, nimefikisha 17.5 kwa hoja ya tensiona.

Mama watoto amesema ile nyeupe ilikuwa nzuri zaidi. Nyie mnasemaje?

Shangazi wa Spea
Faili la risiti halina rangi nzuri lakini ndilo ningelioa. Chukua. Na IST usiiuze mpaka mwaka upite.

Binti Changanyikeni
Kwa 17.5 inabaki 5.5. Hiyo usiiguse kwa rimu wala muziki. Bima kubwa kwanza, halafu tensiona, kinachobaki kikae benki. Mkopo wa SACCOS kama unaruhusiwa kurudisha sehemu, rudisha.

Kiboko ya Tochi
Mark X ingekuwa imeshafika Morogoro na kurudi. Lakini sawa, chukua.

Pemba Boksa
Roho inaniuma kusema, chukua.

Mtoto wa Mbezi
Tumeandikishana leo, mwenyewe kakubali tuhamishe umiliki TRA kabla sijamaliza milioni mbili za mwisho. Kiti cha mtoto kimeingia. Fundi wa Gerezani, tensiona naileta kwako. Ninunue nini na nini?

Fundi wa Gerezani
Hongera. Usinunue tensiona peke yake, kava likishafunguliwa ni ujinga kuifunga tena na cheni ya kilomita 146,000. Mwambie Shangazi akutafutie seti nzima: cheni ya taiming, tensiona ya toleo jipya, miongozo ya cheni, na kava la chini jipya kwa sababu la zamani linapinda likitolewa. Sili ya krenki ya mbele. Bolti ya pulei ya krenki iwe mpya, ile huvutika ikikazwa na hairudiwi, mtu akikwambia inarudiwa mnyang'anye spana. Oili lita tano za 502 00 na chujio.

Shangazi wa Spea
Seti ninayo, kava naagiza, wiki mbili. Bolti nitampa bure.

Mtoto wa Mbezi
Wiki mbili hizo nitembelee IST au naweza kuiendesha polepole?

Fundi wa Gerezani
IST. Funguo za Golf mpe mama watoto azifiche.